Rangi ya Kubandua: Njia Nafuu ya Kubadili Sura ya Gari Hapa Malindi

Gari la Malindi huchakaa kwa nje kabla injini haijachoka. Ukiliegesha usiku upande wa Silversands au Casuarina, asubuhi vioo vina ukungu wa chumvi. Ukienda nalo Ganda au Marafa, linarudi na vumbi jekundu hadi kwenye mipira ya milango. Jua la kaskazi linamalizia: boneti inapauka, bampa nyeusi inageuka kijivu, rimu zinatoka madoa. Mwenyewe anakwenda kwa fundi wa rangi, anatajiwa makumi ya maelfu ya shilingi, anashukuru kwa adabu na kuondoka.

Kwa mtu kama huyo iko rangi ya mpira inayopulizwa kutoka kwenye kopo. Inashika juu ya rangi ya gari bila kuungana nayo, na siku ukiichoka unashika ukingo na kuibandua kama ganda la ndizi. Iliyo maarufu zaidi ni Plasti Dip ya Marekani. Kampuni yake ilianza mwaka 1972 na mpira wa majimaji ambamo fundi alichovya mishikio ya koleo na bisibisi ili isiteleze mkononi. Watu wa magari waliuchukua baadaye. Leo zipo pia za kampuni nyingine, na maelezo haya yanazifaa kwa jumla, ila soma kopo lako kwanza.

Nianze na lile linalowashinda wengi: usifanye ubahili wa rangi. Utando mnene hubanduka mzimamzima. Utando mwembamba hung'ang'ania na kutoka vipande vya ukubwa wa ukucha, na wewe umechuchumaa juani kutwa. Kama pesa zako zinatosha nusu ya kazi, fanya rimu mbili za mbele vizuri, za nyuma zisubiri.

Kwanza kagua kama gari lenyewe linafaa

Rangi hii ni nguo, si dawa. Inafunika rangi iliyopauka, mikwaruzo midogo na rimu zilizochoka. Haizibi shimo, haifichi bonde la kugongwa, na kutu ndiyo kabisa usiisogeze nayo karibu. Pwani hii kutu huanzia chini ya milango, kwenye pembe za madigadi na kuzunguka taa ya namba. Ukipuliza mpira juu yake umeifungia ndani pamoja na chumvi na unyevu, nayo itaendelea kula bati taratibu usiione, hadi siku utakapobandua ukakuta tundu. Kutu isuguliwe kwa msasa, ipigwe praima na rangi ya kawaida, ikauke wiki kadhaa, halafu ndipo ufikirie mpira.

Kuna pia magari yaliyowahi kupigwa rangi ya haraka haraka gereji, au ambayo vanishi yake ya juu imeanza kutoka magamba. Yapime hivi: chukua selotepu pana ya kufungia maboksi, ibandike boneti kwa nguvu, ikandamize kwa kidole gumba, kisha ing'oe kwa mkupuo. Tepu ikija na rangi, basi mpira nao utakuja na rangi siku ya kubandua. Gari hilo haliwezi kazi hii, na ni heri ulijue kabla hujanunua kopo hata moja.

Sehemu zinazofaa na zisizofaa

Kwa anayejifanyia mwenyewe, rimu ndizo za kuanzia. Ni ndogo, zinaonekana sana, na ukiharibu unabandua na kurudia. Zifuatie grili, nembo, vifuniko vya saiti mira na bampa za plastiki ambazo hazijaliwa sana na jua. Boneti ni ya mtu aliyekwisha kuzoea kopo, maana ni bapa na kila mstari wa mkono uliotetemeka unaonekana.

Gari zima ni shughuli nyingine. Hapo makopo hayatoshi. Hununuliwa rangi ya galoni, hutafutwa bunduki ya kupulizia, na mtu aliyeizoea. Ukikodi kompresa ya gereji, hakikisha ina chujio la maji, kwa sababu hewa yetu ina unyevu mwingi na maji hukusanyika kwenye tangi lake, yakaja kutemwa katikati ya mlango wako. Na gari zima likipigwa vizuri kwa mpira, gharama inaanza kukaribia ile ya fundi wa rangi wa bei ya kati. Mimi naona faida yake ni kwa anayetaka kuirudia rangi ya asili baadaye, kama kabla ya kuuza. Mwenye gari lililokwisha pauka kabisa, lisilo na rangi ya kurudia, bora adunduize apige rangi ya kweli.

Wa tuktuk, uso wa mbele wa bati unapendeza sana ukipigwa nyeusi isiyong'aa. Epuka kuzunguka mdomo wa tangi, kwa sababu petroli huyeyusha mpira huu. Tone moja likikaa, utando unavimba na kufanya mikunjo. Kwa hiyo pia, wa bodaboda, usihangaike na tangi la Boxer. Mafuta humwagika pale kila siku. Piga madigadi na vifuniko vya pembeni, tangi liache.

Ekzosi na chochote kilicho jirani na injini, hapana. Plasti Dip huvumilia joto hadi nyuzi 93 za Selsiasi. Boneti nyeusi juani haifiki huko, lakini bomba la moshi hufika na kupita.

Kununua

Kopo la kawaida la Plasti Dip lina gramu 311. Rimu nne za gari dogo hutaka makopo matatu hadi manne, nunua manne. Hadwea zetu huuza rangi za kopo za kila namna na nyingi ni rangi ya kawaida, hata kama mwenye duka atakuapia kwamba inabanduka. Tafuta kwenye kopo maneno ya kwamba inabanduka au ni ya mpira. Ukiwa na shaka, nenda na kipande cha kioo au bati safi, puliza mikono minne mitano, yaani tabaka moja juu ya jingine, kesho yake jaribu kubandua. Ukivunja ukucha, umeuziwa rangi ya kawaida. Shukuru haikuwa kwenye gari.

Kuhusu rangi zenyewe: nyeusi isiyong'aa ndiyo inayosamehe makosa. Nyeupe, njano na nyekundu juu ya gari jeusi zinahitaji kwanza utando wa msingi mweupe, yaani makopo zaidi. Zile zenye kung'aa hupatikana kwa kupuliza mikono ya mwisho ya mpira usio na rangi, ule wa kung'arisha, juu yake.

Ongeza kwenye orodha tepu ya karatasi, magazeti ya zamani, glavu, miwani ya kazi, spiriti na vitambaa visivyotoa nyuzi. Na barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa au ya hospitali huzuia vumbi tu, mvuke wa viyeyusho unapita kama hakuna kitu. Ukianza kuhisi kichwa chepesi, toka, pumzika penye hewa.

Chagua siku na mahali

Msimu una neno hapa. Masika, kuanzia Aprili, na hasa Mei, mvua inakuja bila hodi. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, mchana upepo unabeba mchanga na kila chembe inatafuta rangi mbichi. Januari na Februari ni kavu, lakini jua linaunguza bati kiasi cha rangi kukauka juu kabla ya chini, na vipele vinatoka. Kwa vyovyote vile, saa nzuri ni asubuhi, umande ukishakauka, tuseme kuanzia saa mbili na nusu, uwe umemaliza kabla ya adhuhuri. Jioni usipulize. Unyevu unapanda, rangi nyeusi inaweza kukauka ikiwa na ukungu mweupe, na kama mvua ilinyesha mchana basi kumbikumbi watafuata taa na kutua hapo hapo.

Mahali pawe na kivuli na hewa inayopita polepole. Nyuma ya nyumba, penye ukuta wa mawe ya matumbawe upande wa upepo, panafaa. Chini ya mwarobaini hapafai, hata kama kivuli chake ni kizuri: unadondosha majani, na kunguru wanalala juu. Mwaga maji chini kidogo ili vumbi litulie. Moto usiwepo karibu: si jiko la makaa, si sigara, si jirani anayechomelea geti. Mvuke wa rangi hii unashika moto.

Kuosha

Hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka. Osha kwa sabuni ya vyombo, maana inakata mafuta na nta. Shampuu ya gari iliyochanganywa na nta haifai, itaacha utelezi. Kama rimu zako zimewahi kupakwa yale mafuta ya kung'arisha tairi pale karwoshi, sugua mara mbili, kwa sababu mpira haushiki kabisa penye silikoni. Vumbi jeusi la breki lililogandia ndani ya rimu litolewe kwa brashi.

Suuza kwa maji ya mfereji. Visima vingi vya nyumba za karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na ukisuuzia maji hayo umerudisha kile ulichokuwa unakitoa. Mfereji ukiwa umekatika, tumia maji ya mvua yaliyokingwa, au ahirisha.

Kisha kausha kwelikweli. Maji hujificha nyuma ya nembo, kwenye nyufa za grili, kwenye matundu ya nati. Endesha mwendo mfupi, rudi, futa tena. Mwisho pitisha kitambaa chenye spiriti, na kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu.

Kufunika

Rangi ya kubandua ni rahisi upande huu, kwani iliyotapakaa kwenye kioo au tairi inasuguliwa kwa kidole ikatoka. Kwa rimu, usipoteze tepu kuzungushia tairi: chukua pakiti ya karata, chomeka moja moja kati ya tairi na rimu mpaka zizunguke duara lote. Funika valvu.

Lakini pawe na ukali kwenye mambo mawili. Breki: kama hutoi gurudumu, funga diski na kalipa kwa gazeti lililojazwa nyuma ya matundu ya rimu, rangi isipite hata kidogo. Nati: pale nati inapokalia na pale rimu inapogusana na habu (kitovu cha gurudumu) pasiwe na mpira. Utando ukibaki chini ya nati, unabanwa, unalegea, na nati inalegea nao. Ziba matundu hayo kwa karatasi iliyosokotwa. Bora zaidi utoe gurudumu, gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haiaminiki.

Nembo na maandishi huna haja ya kuyafunika. Yapulizie juu pamoja na bodi, na yakikauka ukate pembezoni kwa kijiti cha meno na kubandua mpira wa juu ya nembo pekee.

Kupuliza

Tikisa kopo dakika nzima, na uendelee kulitikisa kila baada ya muda. Lishike wima, sentimita 15 hivi kutoka kwenye bodi. Anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye chombo na uachie ukishapita, mkono ukienda sawasawa bila kusita. Ukisita, inachuruzika.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi, uone rangi ya zamani karibu nusu yake. Watu hawauamini mkono huu. Wanauona mbaya, wanarudi kuujazia papo hapo, na inachuruzika. Uache. Ndio unaoshika bodi na kuwasubiri wenzake. Subiri dakika 10 hadi 15, piga wa pili, subiri tena. Wa tatu na kuendelea huwa mizito kidogo, ionekane imelowa kwa usawa lakini isitiririke. Mitano ni chini kabisa, sita ni bora, na kingo ziongezwe, kwa kuwa kubandua kutaanzia hapo na huko ndiko utando huwa mwembamba.

Kila mara futa pua ya kopo kwa kitambaa, matone hukusanyika pale na kurushwa kwenye kazi. Unywele au mdudu akinasa kwenye rangi mbichi, usimguse. Subiri ikauke, mtoe kwa kibano, mkono unaofuata utafunika alama.

Tepu itolewe mara tu baada ya mkono wa mwisho, ikiwa bado mbichi. Ukingoja ikauke, tepu inaondoka na kipande cha utando na kuacha ukingo wa misumeno. Karata nazo zitoe wakati huo huo, polepole.

Siku za mwanzo

Ikishikika baada ya saa chache haina maana imekauka ndani. Iache saa 4 bila kuguswa na maji, na usiku mzima kama unaweza. Kuosha kusubiri angalau siku moja, na mashine ya maji ya nguvu ya karwoshi isubiri wiki, kisha isisogezwe karibu na kingo.

Utunzaji wake ni mwepesi: maji ya mfereji, sabuni laini, kitambaa. Nta usiipake. Anayeegesha karibu na bahari, au anayepita Gongoni na Ngomeni nyuma ya malori ya chumvi, asuuze kila wiki, hasa kingo na pale utando unapoishia, ndipo chumvi inapopenya. Kinyesi cha kunguru kitolewe siku hiyo hiyo. Kituoni mwambie anayekujazia asijaze petroli mpaka ikarudi, na ikimwagika futa papo hapo.

Ikichanika, kata ukingo uliolegea, futa kwa spiriti, puliza mikono mitatu minne. Rangi mpya inalainisha ya zamani na kuungana nayo, kiraka kinapotea.

Karatasi za gari

Rimu, grili na vifuniko vya saiti mira havina maneno. Lakini boneti na bodi zikibadilika kiasi cha gari kutofanana na rangi iliyoandikwa kwenye logibuku, unatakiwa kuijulisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na maombi hufanywa kwenye tovuti yao kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Kwamba inabanduka si hoja ya kumpa trafiki kwenye kizuizi cha barabarani. Yeye anaangalia gari lililo mbele yake na karatasi aliyoshika. Gari la abiria lenye mstari wa njano, mstari huo usifunikwe. Wala usipulize taa, vioo au namba, hata kidogo tu kwa urembo.

Siku ya kubandua

Watengenezaji huzungumzia miaka 3. Kwa jua letu nisingesubiri imalizike, maana utando uliozeeka hukauka, hupoteza mvuto wa mpira na kuanza kukatika. Dalili ni kingo zinazogeuka ngumu na mistari midogo kama nyufa za udongo. Ukiiona, bandua.

Gari liwe na vuguvugu la jua la asubuhi, isiwe limeungua. Sugua ukingo kwa kidole gumba hadi ufanye kijikunjo, kishike kwa vidole viwili, vuta polepole kuelekea kwako ukiwa karibu na bodi, usivute kwenda juu. Utando ulio mnene unakuja na sauti ya kama kitambaa kinachoraruka, boneti nzima kwa vipande vitatu vinne.

Pale palipo pembamba, usichokoe kwa kisu. Puliza mikono miwili mitatu mipya juu yake, iache ikauke hadi kesho, kisha bandua yote kwa pamoja. Mabaki kwenye kona hulainika kwa WD-40, yale mafuta ya kupulizia, na kitambaa. Thina iache kwenye rafu. Itatoa mpira na rangi ya gari nayo.

Ulichobandua usikichome nyuma ya nyumba, moshi wa mpira ni mbaya kifuani, na usikitupe ovyo mbuzi wa mtaani wakakitafuna. Kifunge kwenye mfuko, kiende na taka. Kama unarudia rangi nyingine, osha rimu tena kwa sabuni ya vyombo tokea mwanzo, hata kama zinaonekana safi.